Kwa nini saini pekee haitoshi

Ndugu, umeuliza kwa nini wapatanishi hung'ang'ania haki za binadamu wakati wananchi wanataka tu bunduki zinyamaze. Tazama hapa kwetu Kenya. Februari 28, 2008 Kibaki na Raila walitia saini mkataba wa kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi pale Harambee House, mpatanishi Kofi Annan akishuhudia, na moto ukapoa. Lakini mama anayeniuzia chai hapa Kibera bado ameezeka kibanda kwa bati lililoungua mwaka ule. Saini ile haikumpa mahali pa kudai chochote.

Mahali pa kudai palikuja na Katiba ya 2010. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini haki yake ikivunjwa, hata kwa niaba ya mwingine. Manusura wa ubakaji wa wakati ule wa ghasia waliishtaki Serikali 2013. Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaamua wanne kati yao walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Miaka 7! Polepole mno, nakubali, ila wanasiasa wakishapeana mikono wao husahau, faili ya kesi haisahau.

Tena sheria ya haki za binadamu haiupendelei hata mkataba wa amani wenyewe. Mkataba wa Dayton, 1995, ulizima vita Bosnia kwa kugawa urais kati ya Wabosniaki (Waislamu wa huko), Waserbia na Wakroatia tu. Raia mmoja wa jamii ya Waroma (wachache wanaoitwa pia "Gypsy") na Myahudi mmoja wakalalamika, na 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema huo ni ubaguzi.