Simu chini ya mto, busta dirishani: maswali yenu kuhusu chumba cha kulala

Nalala na simu chini ya mto kwa sababu ndiyo alamu yangu. Nyumba ni ya mabati, mtandao wa kubahatisha. Naamka kichwa kizito. Ni mawimbi? (Nyalenda, Kisumu)

Kichwa kizito kina washukiwa wa karibu zaidi: joto la mabati, mwanga wa skrini, na meseji za saa nane usiku. Watu wanaosema mawimbi huwaumiza wamepimwa mara nyingi bila kuambiwa kama mtambo umewashwa au la, na hawajaweza kutambua. Hata hivyo, mwaka 2011 IARC, tawi la WHO linalochunguza saratani, liliweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B: "huenda yanasababisha saratani", kwa ushahidi mdogo. Kusogeza simu hakugharimu kitu, kwa hiyo isogeze.

Hayo mabati nayo yana neno. Simu ikikosa mtandao hupandisha nguvu ya kutuma. Ya 2G inaweza kufika wati 2, ingawa kwa kuwa hutuma kwa vipande, wastani wake ni kama robo wati. Karibu na mnara hushuka sana. Usiku zima data, kisha iweke dirishani ambako mtandao unashika, mita 2 kutoka kichwani. Ukitoka nusu mita hadi mita 2, mawimbi yanayokufikia hubaki karibu sehemu moja ya kumi na sita. Kama hutarajii simu ya dharura, weka hali ya ndegeni. Alamu italia tu, ila hakikisha waifai na bluetooth zimezimika pia, maana simu nyingine huziacha.

Kuchaji chini ya mto ndiko kubaya kuliko yote: joto halina pa kutokea, betri hufura, na godoro la sponji hushika moto upesi.

Ruta iko hatua moja kutoka kitandani. Bedsita ni ndogo, sina pengine pa kuiweka. (Kakamega)

Kwa kawaida ruta haizidi takriban miliwati 100. Izime soketini ukienda kulala, basi. Usiifunike kwa foili wala sufuria: simu na ruta zitahangaika zaidi kushikana.

Nikigusa kasha la kompyuta kando ya kitanda vidole vinasisimka. Na taa ya LED nikiizima inabaki ikiwaka hafifu. (Free Area, Nakuru)

Hapa ndipo pa kutumia pesa zako. Angalia plagi kwanza. Kama ni laptopu yenye chaja ya pini mbili, msisimko mdogo ni kawaida. Kama ni ya pini tatu, huenda waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umekatika au haukuungwa kamwe. Kasha lisilo na athi linaweza kukaa kwenye volti 120 hivi, nusu ya umeme wa nyumba, kupitia kapasita za ndani, vipande vidogo vinavyopitisha umeme kidogo hadi kwenye kasha. Mkondo ni mdogo, lakini siku waya wa moto, ule unaoleta umeme, ukigusa kasha, kitakachokupata si msisimko tena.

Taa inayobaki hafifu mara nyingi inamaanisha swichi inakata nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya waya wa moto. Umezima, lakini waya ulio nyuma ya kitanda una umeme usiku kucha, na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa. Mwambie mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Fundi azime swichi kuu, ahamishie waya wa moto kwenye swichi, kisha apime athi kwa mita ya kupimia umeme. Testa ya bisibisi haitoshi, kwa sababu huwaka hata kwa umeme hafifu usio na madhara.

Na ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, iacheni. Pini hazishiki vizuri, soketi inapata moto na kuyeyuka.

Naambiwa ninunue neti ya nyuzi za fedha ya kuzuia mawimbi. (Migosi, Kisumu)

Usinunue. Chini iko wazi, mawimbi huingia, na ukiingia na simu ndani itahangaika kutafuta mnara. Tena kando ya ziwa malaria ni ya mwaka mzima: neti unayohitaji ni yenye dawa.

Blanketi la umeme je? Huku baridi haichezi. (Molo)

Ni halali kuuliza, maana hilo hugusa mwili wote kwa saa nyingi. Pasha kitanda nusu saa, lichomoe, ndipo uingie. Chupa ya maji moto itamaliza usiku.

Busta, yaani mnara wa simu, imejengwa plotini kwa jirani, silali. (Bungoma)

Antena hurusha mawimbi kwa upande, kama tochi iliyolazwa, kwa hiyo nyumba iliyo chini yake hupata machache kuliko unavyodhani. Nauliza: kuna jenereta? Mara nyingi hiyo ndiyo inayokunyima usingizi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka desibeli 35 kwa makazi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Rekodi saa inayowaka na kuzimika kwa wiki moja, kisha peleka malalamiko NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa maandishi, na uombe kuona leseni ya mazingira ya mnara huo.