Uzamili wa saikolojia ya muziki kwa masafa: panga tasnifu kabla ya kulipa ada

Mkuu, umeuliza kama mwalimu wa muziki asiyewahi kusoma saikolojia anaweza kumudu uzamili wa saikolojia ya muziki kwa masafa huku yuko kazini. Anaweza. Kinachowakwamisha wengi ni takwimu na tasnifu. Muziki wenyewe hausumbui.

Hesabu saa kwanza. Kwa mfumo wa Uingereza uzamili una krediti 180, na kila krediti huhesabiwa saa 10: jumla saa 1,800. Ukisoma wiki 45 kwa mwaka, miaka miwili inadai saa 20 kwa wiki. Mitatu inadai kama 13. Mwenye ajira ya kutwa achukue mitatu.

Ukitaka kuwa mtabibu wa muziki, ushauri huu haukufai. Hiyo ni taaluma nyingine, ina mafunzo ya vitendo na wagonjwa, na Uingereza ina usajili wake wa kisheria.

Sasa tasnifu, ambayo mara nyingi ni krediti 60. Chagua swali linaloweza kujibiwa na washiriki walio makwao. Ukilinganisha makundi mawili na kutarajia tofauti ya ukubwa wa kati (d = 0.5, yaani nusu ya mkengeuko sanifu), kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuigundua tofauti hiyo kama ipo) na kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kuiona ilhali haipo), unahitaji watu 64 kila kundi, yaani 128. Watu walewale wakisikiliza hali zote mbili, 34 wanatosha. Ila badilisha mpangilio wa vipande kati ya mshiriki na mshiriki, maana kipande cha kwanza huathiri namna cha pili kinavyosikika.

Sauti ndiyo inayoharibu majaribio ya mtandaoni. Sawazisha ukubwa wa sauti za vipande vyote, la sivyo utapima ukubwa huo ukidhani unapima hisia. Kama unapima kasi ya kujibu, tumia faili za sauti za WAV: za MP3 huongezewa ukimya mfupi mwanzoni. Kuhakikisha mtu amevaa hedifoni, kuna jaribio la Woods na wenzake la 2017: milio mitatu, ataje wenye sauti ndogo zaidi, mara sita. Mlio mmoja mawimbi yake ya kushoto na kulia yamepinduliwa yakinzane. Kwenye spika yanafutana hewani, mlio unafifia, naye anachagua jibu lisilo sahihi.

Usiulize "wewe ni mwanamuziki?" Mpiga gitaa wa nyumbani atasema hapana, anayeimba bafuni atasema ndiyo. Tumia dodoso la Gold-MSI la 2014, linalopima ujuzi na uzoefu wa muziki hata kwa wasio wanamuziki, vipengele 38, bure. Programu za PsychoPy (ya kuunda majaribio), JASP na R (za takwimu) nazo ni bure. Anza JASP miezi kadhaa kabla ya muhula.

Kibali cha kamati ya maadili kitangulie mshiriki wa kwanza. Ukitaka watoto, ridhaa ya wazazi itakula muda ambao mwanafunzi wa jioni hana. Mimi ningewaacha.

Kabla ya kulipa, uliza kama maktaba inafungua majarida ya Music Perception na Musicae Scientiae ukiwa mbali, na kama kuna wiki ya lazima ya kuhudhuria chuoni. Nauli na viza kwa kawaida havimo kwenye ada.