Maswali ya Wasomaji: Kijito Chetu Kina Maji Kiasi Gani?

Barua za safari hii zimetoka bonde la Zigi, mto unaoanzia milima ya Usambara Mashariki na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa mji wa Tanga. Ni mto mdogo, ila bwawa lake la Mabayani ndilo linalonywesha jiji zima la Tanga.

Tunataka kuchepusha maji ya kijito kwa ajili ya bustani za mboga. Tumeambiwa tutaje lita kwa sekunde, nasi hatuna kifaa chochote. Tutapimaje? (Msomaji, Muheza)

Tafuteni futi kamba, vigingi vinne, kamba mbili, fito iliyonyooka yenye alama za sentimita, simu ya kuhesabia sekunde na machungwa machache. Chungwa linafaa kwa sababu huzama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi. Chupa tupu na jani kavu husukumwa na upepo, mkaishia kupima upepo badala ya maji.

Chagueni mahali mto unapokwenda moja kwa moja kwa mita 10 au zaidi, pasipo mawe yanayochomoza wala kidimbwi kilichotulia. Tandazeni kamba moja upande wa juu wa mto na nyingine upande wa chini, mita 10 kati yake, zote zikikata mto sawasawa. Kisha pimeni kina kila baada ya sentimita 40 toka ukingo hadi ukingo. Fito ikiwa bapa, ubavu wake mwembamba uelekee maji yanakotoka. Ukielekeza upande mpana, maji hupanda mbele yake na utasoma kina cha uongo.

Tuseme mto una upana wa mita 3.2, na vina vilivyopatikana ni sentimita 8, 17, 26, 31, 28, 19 na 9. Jumla ni 138, yaani mita 1.38. Zidisheni kwa mita 0.4 mpate eneo la mita za mraba 0.552. Fanyeni hivyo kwenye kamba zote mbili, mchukue wastani.

Sasa dondosheni chungwa mita mbili kabla ya kamba ya kwanza, upande maji yanakotoka, ili likifika pale liwe limeshashika mwendo. Rudieni mara tisa: tatu katikati, tatu kushoto, tatu kulia. Likinasa kwenye majani, mara hiyo haihesabiwi. Wastani ukiwa sekunde 25 kwa mita 10, mwendo wa maji ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya chini hukwaruzana na mawe na kwenda polepole, kwa hiyo kwenye kijito chenye kina kifupi na mawe mengi zidisheni kwa 0.8: inabaki 0.32. Mara 0.552 ni mita za ujazo 0.177, sawa na lita 177 kwa sekunde. Andikeni “karibu 175”. Njia hii haina usahihi wa kugombania lita mbili.

Kosa kubwa zaidi ni la kalenda. Kipimo cha Mei, masika yakiwa yamepamba moto, ni cha kujidanganya. Pimeni Februari, kabla mvua hazijaanza, maana hapo ndipo mtagombea maji na walio chini yenu. Wala msipange kuchukua yote mtakayoyakuta: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo wengine. Mfereji au pampu inahitaji kibali cha kutumia maji, na kwenu anayekitoa ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Januari na Februari mvua hakuna, lakini kijito hakikauki. Maji yanatoka wapi? Na mbona siku hizi kinapungua upesi? (Msomaji, Amani)

Hayo ni mvua ya zamani. Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu yake hupenya udongo, hushuka taratibu katikati ya miamba iliyooza, kisha hutokeza kwenye chemchemi wiki au miezi baadaye. Kijito cha kiangazi ni ghala linalovuja. Ghala lisipojaa wakati wa mvua, kiangazi halina cha kutoa.

Udongo ukishindiliwa na miguu au kubaki mtupu, mvua huteleza juu yake. Mtaliona hilo kwa macho: mto hufura saa chache baada ya mvua, huwa mwekundu kwa tope, kisha hunywea haraka. Mkitaka uthibitisho, chukueni kopo la maziwa ya unga, mkate mfuniko na kitako, mlizamishe sentimita tano ardhini na mmimine lita moja. Fanyeni hivyo msituni, kisha kwenye njia ya ng’ombe, mkihesabu dakika.

Tahadhari moja: kupanda mti wowote si dawa. Mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi hunywa maji hayo hayo mnayoyatafuta. Waachieni matete na miti ya asili mahali hapo.

Mpaka wa shamba langu umeandikwa “ukingo wa kushoto”. Kushoto kwa nani? (Msomaji, Mkinga)

Kwa anayetazama maji yanakokwenda.

Zile mita 60 za kutolima kando ya mto zinahesabiwa kuanzia wapi? (Msomaji, Muheza)

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya mto. Wengi huanzia kwenye maji ya kiangazi, na hapo ndipo wanapoupunja mto nafasi. Ukingo ni pale mto unapojaa bila kumwagika. Tafuta ngazi ya udongo ulioliwa na maji, au takataka zilizonasa kwenye vichaka baada ya mvua za kawaida. Takataka zilizo juu sana mtini ni za mafuriko, usizifuate. Kisha nyoosha futi kamba bapa, usiilaze kwenye mteremko: mlimani, mita 60 za kufuata ardhi ni pungufu zikipimwa bapa.