Tuache kuikodolea macho mashine, tuidai Fomu 17C

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, mashine za kupigia kura za India zinaaminika, au nchi hiyo irudi kwenye karatasi na masanduku? Jibu langu ni kwamba mashine inatosha. Kinachonikosesha usingizi ni makaratasi yanayoizunguka, hasa Fomu 17C ya hesabu ya kura za kila kituo, ambayo yapo na yamejazwa vizuri, ila mwananchi haonyeshwi.

Kila kituo kina vifaa vitatu vilivyounganishwa kwa waya. Kuna kibao chenye majina na alama za wagombea, anachobonyeza mpigakura. Kuna kifaa cha kuhesabia mbele ya wasimamizi, ambao lazima wafungue njia kwa kila kura, moja moja. Cha tatu ni printa. Kibao kimoja hubeba nafasi 16, pamoja na ile ya anayewakataa wote. Wagombea wakizidi, huongezwa vibao. Vifaa vyote hutumia betri na havina intaneti. Mpigakura akishabonyeza, printa hutoa kikaratasi chenye namba, jina na alama ya aliyemchagua, nacho huonekana nyuma ya kioo kwa sekunde 7, kisha hukatwa na kudondoka ndani ya kisanduku kilichofungwa. Anayetaka kuiba kura za nchi nzima akiwa mbali hana pa kupitia. Itambidi azifikie mashine zenyewe, na vituo mwaka 2024 vilikuwa zaidi ya milioni 1.

Mwanya ninaoukubali ni mmoja. Orodha ya wagombea ikishakamilika, alama zao huingizwa kwenye printa kwa kifaa maalumu kinachojazwa kutoka kwenye kompyuta. Ndiyo maana Mahakama ya Juu, katika hukumu ya tarehe 26 Aprili 2024, iliagiza vifaa hivyo vifungwe kwa lakiri na kutunzwa siku 45 baada ya matokeo, na ikawapa mgombea wa pili na wa tatu haki ya kuomba asilimia 5 ya mashine zichunguzwe. Lakini ilikataa ombi la kuhesabu vikaratasi vyote.

Hapo sikubaliani nayo. Utaratibu wa sasa ni kuhesabu vikaratasi vya vituo 5 tu katika kila eneo la uchaguzi la bunge la jimbo. Chukua eneo lenye vituo 250, useme mashine 5 zimechezewa. Ukichagua vituo 5 kwa bahati nasibu, uwezekano wa kukamata hata mashine moja ni kama asilimia 10. Wizi wa nchi nzima ungegunduliwa, kwa kuwa sampuli zote zikijumlishwa ni maelfu. Wizi mdogo, uliolengwa mahali ambapo ushindani ni wa kura mia chache, ungepita salama. Pale tofauti ya mshindi na wa pili inapokuwa ndogo, vihesabiwe vyote. Sheria yenyewe inasema hesabu ya vikaratasi ikipingana na ya mashine, vikaratasi ndivyo vinavyoshinda. Na karatasi si anasa: Namibia ilinunua mashine hizi za India ikazitumia bila printa, na Februari 2020 Mahakama ya Juu ya huko ikasema kuzitumia hivyo ni kinyume cha katiba.

Makosa yanayotokea kweli ni ya watu. Dakika 90 kabla ya kituo kufunguliwa, mawakala wa wagombea hushuhudia kura za majaribio, zisizopungua 50. Baada ya hapo msimamizi anatakiwa kufuta hesabu ya mashine na kutoa vikaratasi vyote vya majaribio. Akisahau, kura hizo huchanganyika na za kweli, na jioni jumla haikubaliani na daftari wanalosaini wapigakura kituoni. Hakuna aliyeiba, lakini wakala asiyejua chanzo hupiga kelele, naye ana haki.

Basi tufike kwenye fomu. Kura zikifungwa, msimamizi hujaza Fomu 17C: idadi ya kura, idadi ya waliosaini daftari, namba za mashine na za lakiri. Kila wakala aliyepo hupewa nakala. Siku ya kuhesabu, wakala analinganisha namba za lakiri na jumla ya kura, basi. Mashine iliyobadilishwa njiani hugundulika hapo. Tatizo ni kwamba chama kidogo hakiwezi kuwa na wakala kila kituo, na raia wa kawaida haoni chochote. Mwaka 2024 awamu ya kwanza ilipigwa tarehe 19 Aprili, na asilimia kamili ya waliojitokeza ikatangazwa tarehe 30, tena bila idadi ya kura. Tume ya uchaguzi ilipodaiwa fomu mahakamani ilijibu kwamba picha zake zinaweza kughushiwa. Lakini picha ya kughushi huumbuliwa kwa kuweka ile halisi hadharani! Kenya mwaka 2022 iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti, kila mtu akajijumlishia mwenyewe. India yenye wahandisi wote wale haishindwi.

Wanasiasa nao wanachangia. Chama tawala cha BJP kilitoka viti 303 mwaka 2019 hadi 240 mwaka 2024, na lawama za mashine zikapoa ghafla upande wa upinzani. Lawama zinazokuja na kuondoka namna hiyo zinaipa tume kisingizio cha kupuuza hoja za kweli.

Na hoja ya kweli kuliko zote iko kwenye daftari la wapigakura. Katika jimbo la Bihar, uhakiki ulioagizwa Juni 2025 uliwapa watu mwezi mmoja kujaza fomu, katika jimbo ambalo mamilioni ya watu wake wanafanya vibarua miji ya mbali. Orodha ya awali ya tarehe 1 Agosti ilikosa majina yapatayo milioni 6.5. Ilibidi Mahakama ya Juu iamuru majina yaliyoondolewa yatangazwe, pamoja na sababu za kuyaondoa. Mashine bora kabisa haiwezi kumhesabu mtu aliyerudishwa mlangoni.

Ningekuwa mpigakura wa kule ningedai mambo mawili kwa maandishi: majina yaliyofutwa yabandikwe kituo kwa kituo na sababu zake kabla ya daftari kufungwa, na Fomu 17C ziwekwe mtandaoni usiku uleule wa kura.