Waanze na jambo moja

Umeuliza vikundi vya Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini) vya jimbo zima viunganishwe vipi. Tazama Arizona, jimbo la kusini-magharibi mwa Marekani. Mwaka 2010 gavana Jan Brewer alisaini SB 1070, sheria iliyowataka polisi wakague hali ya uhamiaji ya mtu waliyemsimamisha na kumshuku kuwa yuko nchini bila kibali. Vikundi vilivyokuwa kila kimoja kivyake vikaunda muungano wa One Arizona, vikashika kazi ya kuandikisha wapiga kura. Mwaka uliofuata Russell Pearce, aliyepeleka mswada ule, aling'olewa na wapiga kura kwenye seneti ya jimbo. 2016 Joe Arpaio, sherifu aliyejulikana kwa kuwasaka wahamiaji, naye akaanguka kwenye uchaguzi. Si kazi ya muungano peke yake, lakini mwelekeo unauona. Jina, nembo na mwenyekiti (ugonjwa wetu sote!) vingoje. Kwanza wakubaliane jambo moja, na fedha za wafadhili zitagawanywaje.