Nilihesabu siku za Burundi, nikasahau nyumba ya Mwanga

Miaka mitatu nimepiga kazi Bujumbura, fundi wa minara ya simu, familia yangu iko Mwanga hapahapa Kigoma mjini, nikipata upenyo navuka mpaka wa Manyovu naja kuona watoto. Sasa kijiweni kuna jamaa akaniambia wewe siku hizi sio mkaazi kwa mambo ya kodi, ukikaa nje zaidi ya siku 183 TRA, wale Mamlaka ya Mapato, hawana shida na wewe. Nikamuamini palepale, nani anakataa habari tamu kama hiyo.

Nikaja kushtuka nilipotaka kufungua kaduka ka vifaa vya sola, kwenye leseni wakataka cheti cha kutodaiwa kodi. Ikabidi nimtafute mhasibu. Usiku wake nimekaa mezani kwa mama, yeye anachambua dagaa, mimi na pasipoti na kalenda ya ukutani nahesabu mihuri, mingine imefifia, mmoja uliloa na mvua mpaka tarehe haisomeki. Nikapata siku 141 za kuwepo Tanzania mwaka ule. Nikalala kwa raha zangu.

Asubuhi mhasibu hata hesabu yangu hakuiangalia.

"Mdogo wangu, mkeo anakaa wapi?"

"Mwanga, kwenye nyumba yangu."

"Na mwaka huo ulifika?"

"Si ndo hizo siku 141, kaka."

"Basi we mkaazi. Funga daftari."

Kumbe Sheria ya Kodi ya Mapato inaanza na makazi ya kudumu: ukiwa nayo Tanzania na ukaonekana nchini muda wowote ndani ya mwaka huo, hata wiki ya Krismasi tu, wewe mkaazi. Siku 183 ni mlango mwingine, wa mtu ambaye hana makazi huku lakini amekaa sana. Na kuna wa tatu ambao watu hawausemi kabisa, wanachukua mwaka huu na miwili ya nyuma, uwe ulikuwepo kila mwaka, wastani ukizidi siku 122 umeingia. Yani siku 130, 120 na 125, hakuna hata mwaka mmoja uliofika 183 lakini wastani ni 125, umekwisha. Watumishi wa serikali waliopangiwa nje wao ni wakaazi tu, hawana haja ya kuhesabu.

Ukiwa mkaazi kodi inaangalia kipato chako cha dunia nzima, na mshahara wa Bujumbura umo. Asiye mkaazi anaguswa kwa kile kilichotoka Tanzania tu, mfano hela ya pango anayolipwa na mpangaji wake, ila msimuonee wivu sana maana ule unafuu wa kutotozwa kodi kwenye shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi yeye hana.

Hapo nikauliza sasa nilipe mara mbili? Hapana, ulichokatwa kule kinapunguzwa kwenye cha huku. Kama kule umekatwa laki tatu na kwa hela hiyohiyo huku ingekuwa laki tano, unaongeza mbili. Ukikatwa laki sita huongezi kitu, ila ile laki ya juu TRA hawakurudishii, usisubiri.

Shida ni ushahidi. Mwajiri wangu wa zamani nimemuomba cheti cha makato ya kodi miezi minne, kila nikipiga simu naambiwa bosi katoka. Risiti za mshahara nilizonazo ni za Kifaransa, ikabidi nilipie mtu wa kutafsiri, na za miezi miwili hazipo kabisa, nahisi zilifungiwa maandazi. Hiyo miezi miwili nimelipa kama mtu ambaye hakukatwa chochote, na inauma mpaka leo.

Mwaka wa kodi ni Januari mpaka Desemba, ritani, ile taarifa ya kipato chako, unawasilisha ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yani mwisho Juni 30, kwahiyo cheti kiombe ukiwa bado kazini, bosi akiwa bado anakuhitaji. Na mihuri ya Manyovu piga picha siku hiyohiyo, kabla mvua haijakuwahi.