Usiku mmoja hautoshi

Umeuliza kama usiku mmoja unatosha kwenye kijiji kidogo cha pwani, ukiwa na begi la mgongoni na pesa za kubana. Kaa mitatu. Kinachouma ni nauli, si kitanda; ukiondoka kesho yake umelipia barabara tu. Beba pesa taslimu, na kabla hujashuka garini uliza gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi.

Ukipiga hema, usikaribie maji hata kama yako mbali jioni. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, bahari hujaa kuliko siku nyingine. Lala juu kabisa ya ule mstari wa mwani mkavu. Mimi niliamka viatu vinaelea.